Rangi ya Kisima Haitoki kwa Kusugua

Jumatatu, 2 Juni

Mjukuu wangu Raelynn amefungua kliniki ya meno mjini, palipokuwa duka la mbegu. Dirishani kabandika picha za watu wenye meno meupe kama sahani. Nikamuuliza kama hayo ni matusi. Sisi wenyeji wa kaunti hii meno yetu ni ya kahawia, kwa sababu ya maji ya kisima, na hayaozi. Mimi sijawahi kuzibwa jino hata moja. Texas nzima na ijue.

Raelynn anasema ni madini tu yaliyomo majini, humwingia mtoto meno yakiwa bado yanaumbika. Eti watu wanamwomba awasugue meno yawe meupe. Kasoma sana, huyu. Mimi niliacha shule nikachume pamba, na akili haijapungua.

Jumamosi ni Sikukuu ya Kisima. Bibi mwenye meno ya kahawia kuliko wote hupanda gari la farasi na kunywa glasi ya kwanza mbele ya kaunti nzima. Miaka yote ni mimi. Sasa wifi yangu Nelda, dada wa marehemu Doyle, naye kajiandikisha. Mtu aliyezaliwa Oklahoma, akaletwa huku kwenye nepi. Doyle naye alizaliwa kule, lakini yeye alikuwa mume wangu, nilimsamehe.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata njia nikikaanga mayai. Rangi ya mwenyeji imezama hadi mfupani. Ya mgeni ni ya juu juu, kama chokaa ukutani. Raelynn akimsugua Nelda, Oklahoma itajitokeza yenyewe. Wala sitanyoosha kidole.

Nikampelekea Nelda pai ya kokwa za pekani. Nikamwambia mtoto wetu ndio kwanza anaanza kazi, sisi wazee tusipomkalia kwenye kiti chake nani atamkalia. Nelda alikula kwanza. Akaongeza kipande. Kisha akasema wifi, tangu lini mimi na wewe tunapikiana pai? Tangulia wewe, mimi nitakufuata kama mkia.

Nimekubali. Nina hofu gani? Yangu haitoki.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi kitini. Raelynn akauliza kama nina hakika, maana sikukuu ni keshokutwa. Nikamwambia daktari anayeuliza maswali mengi hajui kazi. Apite juu juu tu, aonekane amefanya kitu. Akasema Bibi, kazi yenyewe ni ya juu juu. Hakuna sindano, hakuna kutoboa. Anaondoa utando usiofika hata unene wa unywele.

Nikacheka. Unywele, na yangu iko mfupani.

Akanivisha miwani, akanitandazia mpira mdomoni meno ya juu ya mbele yatokeze peke yake. Akapaka uji wa tindikali na unga wa jiwe, akasugua kwa kikombe kidogo cha mpira kinachozunguka. Akaosha, akapaka tena. Hakuna maumivu. Nilisinzia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Ningekuwa macho ningemshika mkono.

Akanipa kioo. Meupe. Yote ya juu. Nilidhani kanipa picha ya dirishani.

Nikamwamuru airudishe rangi yangu. Akasema hairudi, Bibi, uliipata utotoni na utoto umekwisha. Akanikataza kahawa kwa siku mbili. Nimeinywa birika zima. Haikushika.

Nelda alikuwa amekaa pale nje akingoja kuona. Akanitazama pole pole, kama anayekagua ndama mnadani. Akasema wifi, umependeza, unafanana na wale wanaouza magari kwenye televisheni.

Si kitu. Yake itatoka kesho. Tukiwa sawa, mkubwa atapewa, na mkubwa ni mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Nilikwenda kushuhudia. Raelynn akamsugua Nelda, akaosha, akatazama. Akasugua tena. Akatazama tena kwa taa. Akaweka kifaa chini.

Akasema rangi ya Bibi Nelda imeingia ndani sana. Akizidi kusugua atakuwa anakula jino zima lenye afya, na hilo yeye hafanyi. Nikamwambia asugue tu, mimi ndiye bibi yake na ndiye niliyemfundisha kwenda msalani. Akanitoa nje. Mjukuu wangu, mbele ya watu.

Baadaye akanieleza. Kisima cha nyumbani kwa kina Doyle ni kirefu kuliko vyote, madini yake ni makali. Nelda alikorogewa maziwa ya unga kwa maji yale tangu mchanga. Mimi kwetu tulikuwa na ng'ombe, nikanyweshwa maziwa yake badala ya maji ya kisima. Yaani mama yangu alinilea vizuri kupita kiasi.

Nelda akatoka akijilamba meno yake. Akasema wifi, ya mgeni imegoma.

Jumamosi, 7 Juni

Nelda kapanda gari la farasi. Nelda kanywa. Kacheka mdomo wazi mpaka magego, watu wakampigia makofi. Mimi nilikaa na mdomo wangu umefungwa, na nyama ya kuchoma ikapoa mbele yangu.

Bibi mmoja kutoka Dallas akaniuliza kama nami ni mgeni. Kabla sijajibu akaanza kunieleza habari za kisima. Changu mwenyewe.

Burl, mwenyekiti wa sikukuu, akanionea huruma. Akaniambia fungua mdomo, Floy. Akaona ya chini bado ni ya kahawia. Basi akanipa glasi ya pili, nikiwa nimesimama chini, na jina langu likabaki kwenye orodha ya wenyeji. Kwa ya chini tu, akasema. Uyatunze.

Jumapili, 8 Juni

Nimefikiri wakati wa mahubiri, yalikuwa marefu. Raelynn alitusugua ya juu tu. Ya chini ya Nelda hayajajaribiwa. Na mtoto huanza kuota meno ya chini, kila mama anajua. Kwa hiyo ya chini ya Nelda yaliota kabla hajaletwa huku, ni ya Oklahoma.

Tulipotoka kanisani nikamshika mkono, nikamwambia kazi nzuri haiachwi nusu. Akanitazama mdomoni. Akasema tangulia, wifi yangu, nakufuata.

Nikampigia simu Raelynn. Akasema Bibi, tafadhali, hayo ndiyo uliyobakiza, yakitoka mwakani utasimama na watu wa Dallas. Nikamwambia aandike Jumanne asubuhi, mimi kwanza.

Ya juu yaliharibiwa na maziwa. Ya chini ndiyo yenye rangi iliyozama hasa.