Uji wa Baba Kanywa Jirani

Leo nimeumbuka.

Kwanza mnisamehe makosa ya maandishi. Shule niliishia la saba, na kwenye simu naandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja kama kuku anayedonoa. (Ningeandika kwa mkono ingekuwa mbaya zaidi. Mwandiko wangu hata mwalimu alikuwa ananiita nimsomee.) Mnaonijua hapa kundini mnajua pia kwamba kuongea mbele za watu siwezi. Basi leo nimeongea. Ndiyo mkosi wenyewe.

Jana mama alipigiwa simu. Baba amelazwa Kibaha, amepasuliwa ngiri, hana wa kumpelekea hata uji. Yule mwanamke aliyemfuata huko huko Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, alishamkimbia zamani. Baba alituacha hapa Kisarawe nikiwa darasa la kwanza. Sura yake siikumbuki. Nakumbuka mgongo na begi.

Alfajiri nikamkuta mama anakoroga uji wa ulezi, kautia karanga na maziwa. Uji ambao mimi huwa naupata nikiumwa sana. (Nikiumwa kidogo napewa maji ya moto.)

"Mpelekee baba yako."

"Mama, mtu mwenyewe huyu..."

"Mgonjwa hana kosa. Akipona, kosa lake litamrudia."

"Nitamjuaje sasa?"

Akanitazama, akacheka kidogo. "Mwangalie masikio. Kwani hayo yako umeyatoa wapi?"

Masikio yangu mnayajua. Shuleni mlikuwa mnaniita Sungura. (Msidhani nimesahau.)

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Mimi maneno huwa nayapanga kabla, hata nikienda dukani kununua chumvi. Haya nilianza kuyapanga tangu utoto: "Baba, uji huu umetoka kwa mama. Mama amekusamehe. Mimi bado. Nataka uniambie kwa nini uliondoka bila hata kuniaga, halafu uniombe radhi." Basi. Hayo tu. Nilijua nikiyapoteza leo sitayapata tena.

Nikashuka basi kituo cha Kwa Mathias, nikachukua bodaboda mpaka hospitali. Muda wa kuona wagonjwa ulipofika, watu wakaingia na vikapu vyao. Mtu mwenye akili angemuuliza nesi. Mimi kuuliza naona aibu. Nikapita katikati ya vitanda nakagua masikio. (Jaribuni siku moja kukagua wagonjwa masikio! Mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu.)

Kitanda cha ukutani, hayo hapo. Masikio mawili yamesimama kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi.

"Shikamoo baba."

"Eeh?" Akaweka kiganja sikioni. Masikio yote yale, na hasikii!

"SHIKAMOO BABA!"

"Marahaba mwanangu. Umekuja?"

"Nimekuja."

Wala hakuuliza mimi nani. Nikasema moyoni, ndiyo damu hiyo. Nikamwekea mto vizuri, nikafungua chupa, nikamnywesha kwa kijiko. Anakunywa huku kafumba macho. Kitanda cha pembeni yake alikuwepo mzee amevaa kofia ya sufu, kaivuta mpaka kwenye nyusi, anatutazama na pua inamcheza.

"Ulezi huo," akasema yule wa kofia. "Tena una karanga. Mzee mwenzangu umebarikiwa, una mtoto. Wengine hapa hatuna hata wa kutuletea maji."

Nikamwonea huruma. Lakini uji ni wa baba. Nikaumalizia wote kinywani mwa baba.

Halafu nikasimama. Nikichelewa maneno yatanikimbia. Na kwa kuwa mzee hasikii, nikayasema kwa sauti. Sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"BABA, UJI HUU UMETOKA KWA MAMA. MAMA AMEKUSAMEHE. MIMI BADO!"

Vijiko vikasimama hewani. Nikasema yote mpaka mwisho, na la ziada nikaongeza: "NILIKUWA DARASA LA KWANZA!"

Mzee akainamisha kichwa. Kule dirishani mgonjwa mmoja akajivutia shuka mpaka usoni. (Huyo naye ana lake.) Wa kofia ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Mzee mwenzangu, hapo umekosea. Umekosea sana! Mtoto wa darasa la kwanza unamwachaje? Na bado anakuletea uji? Muombe radhi mtoto!"

"Amuombe!" wakadakia akina mama waliokuja kuona wagonjwa wao. "Amuombe radhi!"

Mzee akanishika mkono. "Nisamehe mwanangu. Nilikukosea. Ujana ule, na ujinga."

Jamani, nimelia. Mbele za watu, makamasi na kila kitu. Mama mmoja akavua mtandio akanipa nijifute. Nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la mihogo. Hata yule wa kofia alikuwa anafuta macho. "Safi sana kijana," akaniambia. "Umelelewa."

Ndipo nesi akaingia na faili.

"Ramadhani Kibwana!"

"Yupo hapa!" nikajibu, nimemshika mzee wangu bega, kifua mbele.

"Nipo," akajibu yule wa kofia.

Nesi akamwangalia huyu, akamwangalia yule. "Babu vua kofia kwanza nikuone vizuri."

Akavua. Masikio yakatoka. Masikio YANGU.

Mzee wa uji akanigeukia taratibu. "Kwani wewe si yule wa Mlandizi?"

"MIMI WA KISARAWE!"

"Aah," akasema. "Mimi nilimwacha wa Mlandizi."

Wodi ikapasuka. Watu wenye mishono wanacheka wameshikilia matumbo, nesi anawakataza huku naye anacheka. Yule mama akachukua mtandio wake.

Baba hakucheka. Nilisimama mbele yake natafuta maneno, hakuna. Yote nilishayatumia kwa jirani. Lakini si aliyasikia? Na hukumu si aliitoa mwenyewe, kwa kinywa chake? Alichotakiwa kusema alishamfundisha mwenzake. Nikamsubiri. Midomo ikamcheza. Akaigeuza geuza ile kofia mkononi. Mwisho akaiangalia chupa.

"Umebaki hata kidogo?"

Nikaipindua chupa mbele yake. Likatoka tone moja, likaangukia shuka. Muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Nimefika nyumbani mama ananisubiri mlangoni.

"Kanywa?"

"Kanywa wote."

"Kasemaje?"

"Kaomba radhi."

(Sikudanganya. Kuna mtu kanywa, na kuna mtu kaomba radhi.)

Mama akageukia moto, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi. Moto wenyewe ulikuwa umezimika. Sasa hivi ninapoandika anakaanga karanga za kesho, tena anaimba. Miaka yote hii sijamsikia anaimba.

Basi msinicheke. Aliyeniomba radhi hakunikosea, na aliyenikosea kaniomba uji. Niandikieni, hata mistari miwili, kwa herufi kubwa kama mnaweza, maana nasoma polepole. Kesho chupa inajaa tena: niipeleke kitanda gani?