Mjukuu wa Bibi Pearl

Rohan Tulley alikwisha kuuza paneli za sola kwa nyumba zilizo kivulini na bima kwa mbwa waliokufa zamani, na yote aliyauza kwa uso wa shemasi. Jumatatu moja amekaa mkahawani Northcote, kitongoji cha Melbourne huko Australia, mfukoni ana dola kumi na moja, akamsikia mwanamke wa meza ya jirani akijisifu. Kila mwezi, alisema, anawalipa wenyeji wa asili wa Melbourne kodi ya ardhi aliyojengea nyumba yake. Hajalazimishwa na mtu, analipa kwa hiari. Bwana aliyekaa naye akasema na yeye hulipa. Mwanamke akauliza kiasi gani. Bwana akainamia kikombe chake.

Rohan akaacha kutafuna. Watu wanaolipa bila kudaiwa! Miaka ishirini amezunguka nchi nzima akiwatafuta, kumbe wako hapa wanakunywa kahawa.

Tena aliona upesi kasoro ya mpango wenyewe: pesa zinakwenda kimyakimya, jirani hajui. Mtu atende wema na wema usionekane barabarani, si hasara hiyo? Basi akachongesha vibao vya shaba kwa mkopo, vya kupigilia mlangoni, vimeandikwa "Nyumba hii inalipa". Kidogo dola mia mbili. Kikubwa, chenye ukingo wa mbao, mia tano. Akajivika kitambulisho shingoni, akaanzia Mtaa wa Hartnett, kwa Philippa, wakili wa mirathi.

"Lakini mimi nimeshajiandikisha kwao mtandaoni," Philippa alisema.

"Hiyo ya mtandaoni, mama. Hii ni ya mlangoni."

Philippa akakigeuzageuza kibao. "Gideon wa namba tisa amechukua?"

"Siruhusiwi kutaja majina."

"Amechukua kipi?"

"Kikubwa, mama."

Gideon, daktari wa meno, alikuwa hajabishiwa hodi bado. Nusu saa baadaye alichukua viwili, maana Philippa alichukua kimoja. Malipo yalikuwa taslimu, kwa sababu, Rohan alieleza kwa huzuni, wazee hawaziamini benki. Hakuna aliyeuliza wazee gani. Kuuliza kungekuwa kukosa heshima, na watu wa Hartnett wangekubali kuibiwa mara saba kuliko kukosa heshima mara moja.

Kufika Ijumaa mkoba ulikuwa na dola elfu nane na mia sita. Rohan alikuwa na miaka arobaini na sita, analala kwenye kochi la aliyekuwa shemeji yake, na huko kaskazini, Queensland, kulikuwa na karavani, nyumba kuukuu ya magurudumu, inayouzwa, imeegeshwa mita mia moja kutoka ufukweni. Aliitaka ile karavani kwa moyo wake wote. Angeondoka siku ile, hadithi ingeishia hapa.

Lakini Philippa alimwuliza, mkono kifuani, "Na wewe, Rohan, ni wa wenyeji wa huku?"

Alijua jibu moja tu lingeongeza elfu nzima. "Bibi yangu mzaa mama," akasema, akitazama chini. "Bibi Pearl. Alizaliwa pale mtoni."

Philippa akalia. Akatoa elfu, na akamwalika Jumamosi nyumbani kwake, mtaa mzima umwone na uongeze chochote. Tamaa mbele, mauti nyuma. Rohan alikwenda na mkoba begani na tiketi ya treni ya jioni kwenye mfuko wa shati.

Uwani kulikuwa na keki za nazi na watu thelathini waliovaa nyuso za msibani. Philippa akagonga glasi. "Kama ilivyo desturi, tutakaribishwa na mwenye ardhi. Shangazi Coral Maddigan."

Mama wa miaka karibu sabini, ambaye wote humwita Shangazi kwa heshima, amevaa suti ya michezo, akaingia kwa mkongojo. Akawakaribisha wageni kwenye ardhi ya mababu zake, kisha akamgeukia Rohan. Hakutaka kitambulisho wala stakabadhi. Aliuliza lile ambalo watu wake humwuliza kila mgeni kabla hajapewa hata chai.

"Wewe wa kwa nani?"

"Wa... wa Bibi Pearl, Shangazi. Wa mtoni."

Coral alimtazama kuanzia viatuni hadi usoni. Kisha mama yule akaachia mkongojo, akamkumbatia.

"Mwana wa binti yake Pearl! Tumekutafuta miaka yote hii!"

Uwani kote watu wakatoa leso. Gideon alilia mpaka akaegemea ukuta. Na Coral, akiwa bado amemshika Rohan, akatangaza, "Mwanangu amerudi, na ameleta pesa za gari la wazee, lile lililokufa injini tangu Machi. Si ndivyo, baba?"

Nyuso thelathini zenye machozi zilimwelekea. Kukana shangazi kungekuwa kukana bibi, na kukana bibi kungeleta polisi.

"Ndivyo, Shangazi," akasema Rohan, akauvua mkoba.

Jioni alimwendesha Coral kurudi kwake, kwa gari la mwanawe mkubwa. Nyuma waliketi wanawe wawili, kila mmoja upana wa jokofu.

"Shangazi," Rohan akanong'ona, "huyo Pearl ni nani?"

"Nitajuaje? Bibi ni wako."

Wale wa nyuma wakacheka. Rohan akauliza, "Mbona hukuniumbua?"

Taa za barabarani zikawa kijani, Coral akamwashiria apite. "Dada yangu Noreen, serikali ilimchukua ana miaka mitatu, kama ilivyowachukua watoto wetu wengi wakalelewe na wazungu. Hajarudi. Mtu akisimama mbele yangu akasema bibi yake ni wa mtoni, moyo wangu unaruka kabla sijamtazama usoni. Leo uliruka bure. Hiyo utailipa."

Rohan aliona aibu, jambo ambalo halijampata tangu utotoni. "Pesa si umechukua zote?"

"Zile wamelipa watu wa Hartnett. Wewe hujalipa kitu." Akafungua pochi, akaweka kwenye dashibodi picha ndogo ya mtoto mwenye utepe. "Wewe si hodari wa kubisha hodi? Kuna nyumba walizopelekwa watoto wale, kuna majirani wazee ambao sisi, wenye ndugu waliochukuliwa, tukienda hawatufungulii mlango. Wewe utafunguliwa. Jumatatu unaanza kumwulizia Noreen."

"Na nisipokuja?"

"Una ndugu mia tatu mji huu, baba. Wote wanakujua wa kwa nani."

Mkono mpana ukapita begani kwa Rohan kutoka nyuma, ukachomoa ile tiketi shatini.

"Wanarudisha nauli mpaka saa moja," sauti ikasema. "Shika kushoto hapo."