Sauti Safi ya Harusi ya Mzee Muhiddin

Jumatatu, 6 Juni 2011

Siku mbaya. Mzee Muhiddin, mwenye nyumba hapa Kariakoo, katuita. Kasema kibaraza chake hakitoshi meza mbili. Ijumaa baada ya swala atachagua abaki nani: mimi, fundi wa simu na vyombo vya muziki, au Gaudens, muuza makava ya simu. Fundi apambanishwe na makava! Nikikosa kibaraza narudi kutembeza hedifoni shingoni, mgambo wa jiji nyuma yangu. Kwa magoti haya? Haiwezekani.

Gaudens kamwamkia mzee shikamoo asubuhi, adhuhuri na jioni. Mnafiki.

Jumanne, 7 Juni

Mungu si Athumani! Mzee kaniletea pleya yake ya muziki ya mfukoni, zawadi ya binti yake Dalia aliyeko Maskati. Dalia kaichukua kanda ya taarabu iliyopigwa kwenye harusi ya wazazi wake, kaipeleka studio za huko ikasafishwa mikwaruzo yote, kaituma kwenye kadi ya kumbukumbu. Pleya inaikataa. Faili ni zito, sauti yake ni ya hali ya juu mno, pleya haijui kulisoma. Nimemwambia mzee kampuni imetoa programu mpya. Nikiiflashi, yaani nikiipandishia programu hiyo, itasoma, naye atasikia hata kucha ikigusa uzi wa udi.

Machozi yakamlengalenga. Kasema nikiweza, kibaraza changu. Gaudens alikuwa anasikiliza. Kava likamponyoka. Raha iliyoje!

Jumatano, 8 Juni

Nimeipakua programu, nikaanza kuiflashi. Pleya ikaandika onyo refu kuhusu betri. Nikabonyeza ndiyo. Nani husoma yale? Mstari wa kupakia ukafika katikati, umeme ukakatika. Mgao! Pleya ikazima. Nikaibonyeza, nikaipuliza, nikaianika juani. Imekufa, imekuwa tofali.

Mzee kauliza vipi. Nimemwambia inapumzika, inaizoea programu mpya. Kasema hata yeye akila wali mwingi hupumzika, akaenda zake ameridhika. Nilijisikia vibaya kwa kitambo. Kisha nikamwona Gaudens anamletea kahawa, nikaacha.

Alhamisi, 9 Juni

Nimemeza kiburi. Nimepanda ghorofani kwa Ankit, mwenye duka la kompyuta na jenereta. Hatuongei tangu alipowaambia wateja wangu kwamba mimi, Ignasi, hutengeneza simu kwa maombi. Kaichomeka pleya, kabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, ikafufuka. Kacheka mpaka kakaa chini. Lakini programu kaimalizia kuiingiza, na faili la harusi linafunguka!

Ankit kanishauri nilisikilize lote kwa hedifoni kabla sijampa mzee. Nimemwambia asinifundishe kazi. Nimesikiliza mwanzo, fidla safi kabisa, inatosha. Tena nina mpango mkubwa zaidi. Spika! Mtaa mzima usikie, wateja wafurike, Gaudens afe kwa kijicho.

Ijumaa, 10 Juni

Lazima niandike.

Wametoka msikitini, kibaraza kimejaa. Kahawa, kashata, wazee wenzake mzee na kanzu zao. Juu dirishani Bi Mauza, mke wa mzee, kaweka kiti chake. Umeme upo. Nikawasha. Fidla! Udi! Wazee wakafumba macho. Mzee Muhiddin akalia, nami nikalia kidogo, maana nilishakiona kibaraza changu.

Kisha mwimbaji akapumzika, ukabaki udi peke yake. Hapo ikatokea sauti ya kijana, safi, utadhani amekaa nasi anakunywa kahawa. Kumbe redio ya kurekodia ilikuwa imewekwa chini ya kiti cha bwana harusi! Bwana harusi anamnong'oneza mwenzake kwamba aliyemwona yeye na kumpenda ni mdogo mtu, mdogo wake bibi harusi. Posa ikapelekwa, wakampa mkubwa mtu. Sasa afanyeje, na mahari yameshaliwa?

Mzee akanipungia mkono. Nikadhani anataka zaidi. Nikaongeza sauti.

Bi Mauza, kwa upole mkubwa, akaniomba nirudishe nyuma kidogo. Mteja ni mfalme. Nikarudisha.

Huyo mdogo mtu anaishi Upanga. Kila Idi huja kula pilau hapa.

Jumamosi, 11 Juni

Mzee kalala dukani kwake, juu ya marobota ya vitenge. Kaniambia shetani akija hunong'ona, mimi nimekuja na spika. Kibaraza chote kapewa Gaudens. Tayari kaning'iniza makava pale nilipokuwa natundika hedifoni zangu. Nimeumia. Nimelia nyuma ya mkokoteni wa machungwa, mwenye mkokoteni akanipa moja bure, nikalia zaidi.

Dalia kapiga simu kutoka Maskati kuuliza kama wazazi wamefurahi. Nimemwambia mama yake amesikia vizuri sana.

Ankit kauliza kama nililisikiliza faili lote. Mtu wa namna hiyo simjibu.

Jumanne, 14 Juni

Ilala! Nimepata kibaraza kwa Bi Kuruthumu, mjane, mwenye nyumba mwenye heshima zake. Nimetafakari sana yaliyotokea, na kosa langu nimeliona. Spika ilikuwa moja, sauti ikaelemea upande mmoja.

Bi Kuruthumu naye ana kanda. Kikao cha mirathi ya marehemu mumewe, imejaa mikwaruzo, na mashemeji zake wanaigombea nyumba hii mpaka leo. Angependa sana kujua siku ile nani alisema nini. Nimemwambia hilo dogo, kanda nitaisafisha mwenyewe. Awaite mashemeji wote Jumapili, wake kwa waume. Spika nakodi mbili.