Ombi la Kumfelisha Mama Yangu Mzazi

Kwa Mwalimu wa darasa la jioni la watu wazima,

Ndugu Mwalimu,

Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, alitamka jana Jumanne, saa moja asubuhi, kwamba habari yangu ya ukurasa wa tatu ina uongo. Alikuwa amesimama jikoni, gazeti mkononi, miwani puani. "Umeandika umati mkubwa. Mbona hapa pichani nawaona watu saba?" Nimehesabu. Ni saba.

Nimeandika habari kwa miaka ishirini na miwili na si mtu wa kushtuka ovyo. Nakuomba kwa utulivu umfelishe mtihani wa Ijumaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulipomwandikisha nilikuonya kuwa umri umempita. Ukanijibu mbele ya watu kwamba akili hukua ikitumiwa. Nikaja darasani kuhakiki. Nilikuta madawati kumi na mawili, ubao uliopasuka na bango: "Usiseme siwezi. Sema bado sijaweza." Fundi viatu mwenye mvi alikosea kuandika neno "kiatu" mara nne, na darasa zima likampigia makofi. Kazini kwetu, anayekosea mara nne hupelekwa kwenye matangazo ya vifo.

2. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wewe umemkunja akiwa mkavu, naye amekunjika. Umewaumbua wahenga, na hakuna aliyekuchukulia hatua.

3. Zamani nikimsomea mama maandishi yoyote, hata ya kopo la dawa, alijibu, "Haya, baba." Siku hizi anasema, "Lete nione." Maneno mawili tu, Mwalimu, na nyumba haikaliki.

4. Hapa ndipo penye uzito. Dada yangu anaishi mbali, na kwa miaka kumi na moja ameleta barua thelathini na nne. Msomaji nilikuwa mimi. Salamu nilisoma, mvua nilisoma, meno ya wajukuu nilisoma. Aya ya mwisho, ambamo dada humsihi mama ahamie kwake, niliiacha. Kitaaluma, huko ni kuhariri. Mama akiondoka, nani atapika? Mimi nina miaka arobaini na tisa, sijawahi kuchemsha hata yai, na mtu wa umri huo habadiliki, hata umbandikie mabango nyumba nzima.

Tangu Ijumaa iliyopita mama amelivuta boksi la barua kutoka uvunguni. Anasoma moja kila jioni, kidole kikifuata mstari. Jana alimaliza ya tano. Ombi la dada linaanzia ya tisa, yaani Jumamosi. Ndiyo maana nasisitiza Ijumaa. Mwambie tu kwamba hana kichwa cha kusoma. Neno hilo likitoka kwa mwalimu, mtu hulibeba hadi kaburini. Nimeliona likifanya kazi kwa wengi.

Nisalimie darasa zima, fundi viatu na yule muuza mkaa anayekaa mbele.

Wako katika kuutumikia ukweli,
Mtoto wa mwanafunzi wako

N.B. Mama amenikuta nikitafuta bahasha. Ameisoma barua hii yote, kwa sauti, bila kukwama. Anasema boksi alilianzia juu, kwenye barua mpya kabisa, hivyo ombi la dada alilisoma siku ya kwanza na amekwisha kulijibu kwa mkono wake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulinisomea vizuri miaka yote, mwanangu, ila mwishoni ulikuwa unachoka." Puuza ombi langu. Kesho Alhamisi, saa kumi jioni, ananifundisha kupika wali. Mtihani wako atafanya Ijumaa kama ulivyopanga. Basi lake linaondoka Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.