Waraka wa Mikono ya Kreni

Kwa mamlaka aliyopewa, na kwa yale mengine aliyojiongezea mwenyewe, Ndugu Nikolausi, Meneja wa Shamba la Ngano la Umma Namba Kumi na Moja, Hanang, alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ile mikono yote ya kreni shambani itakuwa na vyeo.

Tangazo lilisomwa na Basili Sulle, mzaliwa wa Endagikot, Katibu wa Kamati ya Mikono. Alilisoma mara mbili, maana jambo la ofisi likisomwa mara moja watu hudhani ni stori. Basili alikuwa na hati nzuri, na aliamini kabisa kwamba dunia ingekuwa imenyooka zamani, kama tu mtu angekaa chini akaiandikia muhtasari.

Sababu ya waraka ilikuwa nzito, msicheke. Wafadhili walileta kreni tatu za kujengea kihenge, lile ghala la chuma la duara, mita ishirini na mbili kwenda juu. Kreni ya kwanza ilikuwa na mkono wa vyuma vilivyosukwa kama tenga, mrefu kuliko yote, wa kupandisha vitu vizito mahali pa juu. Ya pili mkono wake ni mabomba yaliyoingiana, unachomoza na kurudi ndani, unafaa kazi za harakaharaka, leo hapa kesho pale. Ya tatu iko mgongoni mwa lori, mkono wake unakunjika kwenye kiwiko, kazi yake kushusha mifuko ya mbolea. Sasa siku moja ule wa kusukwa ulipita juu ya ofisi ya Meneja, naye yumo ndani anakunywa chai. Huku kwetu mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo, anaitwa, anarudishwa alikotoka, anaanza kutembea upya. Meneja hakuona kwa nini chuma kisamehewe.

Kamati ilikaa siku nne, Meneja akiwa Mwenyekiti, ikala mbuzi wawili, ikatoa uamuzi. Mkono wa kukunja unainama, kwa hiyo una adabu. Upewe kazi ya heshima kuliko zote, kuweka paa la kihenge. Mkono wa kuchomoza unajirefusha wenyewe bila kusukumwa na mtu, kwa hiyo ni kiongozi. Uhamishiwe Ofisi ya Meneja, ukapandishe bendera, na usipande wala kushuka bila barua ya Meneja yenye sahihi na muhuri. Mkono wa kusukwa hauinami hata ukiombwa. Usimamishwe kazi, ufungwe mnyororo na kufuli hapohapo uliposimama, kando ya kihenge.

Gidahosh, mtu wa Mogitu, dereva pekee mwenye leseni ya kreni zote tatu, alinyoosha kidole.

"Ndugu Katibu, kihenge kina mita ishirini na mbili. Huu wa kukunja unafika nane."

"Na hizo mita nyingine?" Basili akauliza.

"Hizo nyingine ni hewa."

Alipewa barua ya onyo kwa kuitaja hewa kikaoni. Hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza aliipata mwaka jana, kwa kushusha bendera ya ofisi wakati wa upepo mkali bila barua ya Meneja. Ya tatu ni kwenda nyumbani, na nyumbani kulikuwa na watoto sita.

Kihenge chenyewe kilikuwa kimeshajazwa ngano bila paa, ili taarifa ya robo mwaka iseme kimejaa. Paa lilikuwa chini kwenye nyasi, kuku wanatagia humo. Na aliyeweka sahihi kuipokea ngano ile alikuwa Philomena, mtunza ghala, mjane. Mtunza ghala aliyemtangulia, ngano yake ilinyeshewa ikaota ndani ya magunia. Alifukuzwa kazi, akatolewa kwenye nyumba ya shamba na vyombo vyake juu ya mkokoteni. Kila asubuhi Philomena alitazama mawingu ya mlima Hanang, kisha alikwenda kwa Basili.

"Basili, mdogo wangu, siku mbili haziishi mvua hii haijanyesha."

"Dada, suala lako lipo kwenye agenda."

"Namba ngapi?"

"Kumi na nne," alisema Basili, na kwa kweli alimwonea huruma. Alimpandisha hadi kumi na tatu.

Siku ya Alhamisi Meneja alimwita Seifu, mpiga picha wa Katesh, ampige picha ya kupeleka Arusha. Picha ya kukaa mezani hakuitaka. Alitaka aonekane juu ya kihenge, ngano chini ya miguu yake. Akaandika barua ya kupandishwa, akagonga muhuri, akaingia kwenye ndoo kubwa ya zege iliyosuguliwa kwa majani, na mkono kiongozi, uliosogezwa kutoka ofisini, ukamchomoza hadi juu kabisa, pembeni kidogo ya ukingo wa kihenge. Seifu akapiga picha tatu. Meneja akapunga mkono kwamba imetosha.

Gidahosh alikaa kwenye usukani, mikono mapajani.

"Mshushe," alisema Basili.

"Barua ya kushusha iko wapi?"

Basili akafungua faili. Barua ilikuwa moja tu, na ilisema apandishwe. Alitafuta nyuma ya karatasi, hakukuwa na kitu. Akatazama juu, ndoo ikiyumbayumba, na upepo unaoleta mvua umeshaanza.

"Nishusheni," Meneja aliita.

"Ndugu Meneja, hayo ni maombi ya mdomo au ya maandishi?" Basili hakuwa anatania. Hajawahi kutania maishani mwake.

"Nimesema nishusheni, mimi ndiye niliyetoa amri."

"Ndiyo, Mkubwa. Na amri inasema barua. Huyu bwana ana maonyo mawili."

"Nina watoto sita," Gidahosh aliongezea.

Basili alikaa juu ya tofali kuandika rasimu, jasho linamtoka. Philomena akaja akasimama nyuma yake. Mawingu yalikuwa yameshafunika nusu ya mlima.

"Andika kwa mpangilio, mdogo wangu," alisema polepole. "Cha kwanza kiwe cha kwanza, na kila mkono upewe kazi yake. Wewe si mtu wa kuchanganya mambo."

Basili alikuwa anapenda mpangilio kuliko ugali. Akaandika: *Waraka wa vyeo unafutwa. Mikono ifanye kazi zilizoundiwa, kwa utaratibu huu. Kwanza, wa kusukwa uweke paa la kihenge. Pili, wa kukunja ushushe mbolea iliyoko kwenye lori. Tatu, wa kuchomoza ushushe mzigo wowote uliobaki.* Karatasi ilifungwa kwenye kamba iliyoning'inia kutoka kwenye ndoo, Meneja akaivuta. Muhuri anatembea nao mfukoni. Kusoma rasimu za Basili hakujawahi kumwingia akilini, basi akaweka sahihi, akagonga, akaitupa chini.

Gidahosh aliisoma yote, tena kwa kidole. Kisha akashuka kwenye kreni ile, akazima injini, akaenda kufungua mnyororo wa ile ndefu.

"We Gidahosh, unakwenda wapi?" Meneja aliita kutoka juu.

"Namba moja, Mkubwa."

Kuku walifukuzwa, paa likafungwa nyaya, likapanda taratibu na kukaa mahali pake. Mafundi walipokaza boliti ya mwisho, tone la kwanza lilidondoka. Philomena alikaa chini palepale, akalia bila kujificha. Mvua ilipokolea, ngano ilikuwa kavu, na Gidahosh alikuwa kwenye namba mbili, mifuko ya mbolea arobaini, mmoja baada ya mwingine, juu yake turubai.

Mzigo uliobaki ulishushwa jioni. Ulitoka kwenye ndoo umelowa chapachapa, umeshika magoti, hauwezi kunyooka, ukabaki umeinama hivyohivyo mbele ya Gidahosh kwa muda mrefu. Seifu alikuwa na filamu iliyobaki.

Basili aliandika muhtasari usiku uleule, kwa hati yake nzuri: *Saa kumi na mbili kasoro robo Mwenyekiti alishuka. Alikaguliwa kwa vigezo vya Kamati na kuonekana anakunjika vizuri. Kikao kiliridhika kwamba ana adabu.*