Nitalipa Saa Hii

Kauli Tamu alikuwa fundi hodari, lakini kazi ya halali ilimpa kizunguzungu. Asubuhi hiyo alimwona mkunga mstaafu akipangusa gari la kale la marehemu mumewe, akachungulia dirishani. Kwenye dashibodi palikuwa na saa ya duara, imesimama. Moyo ukamruka. Alimjua mnunuzi wa vitu vya kale ambaye angeililia saa ile.

"Shikamoo, mama. Saa yako inaumwa."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka wa tatu huu."

"Naitibu bure. Nikishindwa, naenda kukutupia, na fidia nakulipa saa hii!" Akaigonga saa ya dhahabu mkononi mwake.

Mshona nguo wa baraza la jirani akasimamisha cherehani. "Nimesikia. Mimi shahidi."

Saa ya dhahabu ndiyo ilikuwa mtaji wa Kauli Tamu, maana nani atamshuku mtu mwenye dhahabu halisi? Kabla ya kugusa betri aliivua, asije akapigwa shoti, akampa mama amshikie. Akachomoa saa ya gari, akaifungua. Ugonjwa ulikuwa wazi: vile vidole viwili vya shaba, vinavyogusana kila baada ya muda ili umeme uikaze springi, vilikuwa vimeungua, vyeusi tii. Dawa yake msasa laini, dakika tano tu.

Akatikisa kichwa kwa majonzi. "Pole, mama. Imekufa kabisa." Huku anaitia mfukoni.

"Kazi ya Mungu haina makosa," mama akasema, akiivaa ile ya dhahabu. "Ahsante kwa fidia."

"Mama! Hiyo yangu!"

"Si ulisema utalipa saa hii?"

"Saa hii, yaani sasa hivi!"

"Na uliigonga," mshona nguo akasema. "Njia ya mwongo fupi, bwana."

Jasho likamtoka Kauli Tamu. Akaitoa saa mfukoni. "Hebu ngojeni... naona kama bado inapumua." Msasa ukapita, nyaya zikarudi mahali pake, na saa ikaanza: tik, tik, tik.

Mama akainamisha kichwa kusikiliza, machozi yakamlengalenga. Alikuwa na hamu kubwa ya sauti ile. Kisha akaivua dhahabu, akamrudishia mwenyewe.

"Marehemu alikuwa anapitisha msasa hapo hapo. Mimi macho yamenigomea, mwanangu. Nilikuwa nasubiri tapeli mwenye macho mazuri."

Kauli Tamu akaenda zake. Alikuwa amefanya kazi safi, kwa bei aliyoitaja mwenyewe, na homa ya kazi hiyo ya halali ilimlaza siku mbili.