Jino Lisilofutika

Jumatatu, 3 Machi
Tovuti ya daktari wa meno imehamia leo seva mpya, yaani kompyuta inayoihifadhi. Bosi kasema atakayeirekebisha vizuri ndiye kiongozi wa timu. Mpinzani wangu ni mmoja tu, jirani yangu wa meza, tunayemwita Taratibu, maana hata chai huinywa kama anaikagua. Nimeiomba kazi kabla hajafungua mdomo. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumanne, 4 Machi
Nimebadilisha rangi ya ukurasa wa mbele. Haijabadilika. Nimefuta picha ya jino. Jino lipo. Nimezima kompyuta, nimewasha. Jino! Taratibu kanishauri kwa upole nifute kumbukumbu ya anwani. Eti tovuti imeshahama, ila kompyuta yangu bado inabisha hodi nyumba ya zamani. Nikamwambia nimeanza kazi hii yeye bado akitafuta kitufe cha kuwashia kompyuta. Hii ni hujuma. Anarudisha kila ninachofuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimemtegea. Nimeandika ukurasa wa mbele, kwa herufi nyekundu: DAKTARI HUYU MENO YAKE MWENYEWE NI YA BANDIA. Akithubutu kufuta, namwita bosi. Natazama skrini: jino lile lile. Kafuta kabla sijapepesa macho! Nimeandika tena mara nne, kila mara naongeza chumvi. Yeye kakaa tu, anakunywa chai. Mnafiki.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari kaja mwenyewe. Kumbe tangu jana maneno yangu yalikuwa kwenye simu za wagonjwa wake wote. Ni kompyuta yangu peke yake iliyokuwa ikitazama seva ya zamani. Nikajitetea kwamba ulikuwa utani, kila mtu anaona meno yake ni ya kweli. Akainama, akasema polepole, "Mke wangu alikuwa hajui."
Nilitamani ardhi ipasuke. Taratibu akafuta kumbukumbu kwa amri moja, jino likatoweka. Uongozi kapewa yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata dawa. Wenzangu walipokwenda kula, nimeandika anwani ya seva mpya kwa mkono ndani ya kila kompyuta ya ofisi, ya bosi ikiwemo. Sasa hakuna kutafuta, hakuna kusahau: zote zitabisha hodi nyumba hii tu. Milele. Sijamwambia mtu, wataona wenyewe nani alistahili cheo.
Alasiri Taratibu katangaza kwamba seva hii ina matatizo, Jumatatu tovuti zote zinahamia seva nyingine. Shauri yake. Mimi yangu nimeshayamaliza.